Prius imegonga mti na haingurumi: imezimika kweli?

Kapita wa Moto anajibu barua zenu kutoka Lubumbashi

Mwezi huu nilipanga kuzungumzia chupa za gesi za jikoni, lakini barua za mutuka za haibridi, yaani gari zenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, zimejaa mezani, basi hizo zitangulie. Sishangai. Simama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, asubuhi yoyote utaziona: Prius, Aqua, Fit, Fielder, zimeshuka bandarini Dar es Salaam, zimepita Tunduma na Zambia, zinaingia kwetu usukani ukiwa upande wa kulia. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu Kongo, nyingi Kolwezi na Fungurume. Inaondoka kwenye magunia, inarudi ndani ya batri. Katikati ya safari hiyo hakuna aliyekumbuka kumfundisha pompie, yaani mzimamoto, wa Lubumbashi namna ya kulisogelea gari lenye batri hiyo likishagonga.

Papa Kapita, jambo. Mimi niko shofa wa taksi, ninakaa Katuba. Usiku mmoja wa mvua, barabara ya Kasenga, nilikuta Prius imegonga mti. Injini hailii hata kidogo. Vijana walikuwa wanamvuta shofa wake kwa mabega, mara mwingine akapiga kelele: “Acheni, mutuka iko na kuran, umeme, itawaua wote!” Wakakimbia. Yule mtu alibaki mule peke yake mpaka akapita mama mmoja muuguzi. Waliokimbia walifanya sawa?

Hapana. Waliokuwa wanavuta walikosea kidogo, waliokimbia walikosea sana.

Batri kubwa ya Prius ina volti 200 hivi, na njiani kuelekea kwenye mota umeme unapandishwa kupita volti 500. Huo unaua, sikatai. Lakini hautembei kwenye bati la gari. Una kable zake mbili, ya kwenda na ya kurudi, zimefunikwa kwa rangi ya chungwa, na hakuna hata moja iliyofungwa kwenye bodi. Ukigusa mlango, kiti au mkono wa majeruhi, haupigwi, hata kama mvua inanyesha. Isitoshe, mifuko ya hewa ikifyatuka, gari lenyewe linakata njia ya umeme kutoka kwenye batri kubwa. Kinachobaki cha kuogopa ni kable ya chungwa iliyochanika au sanduku la batri lililopasuka. Hapo usipeleke mkono wala chuma.

Mimi ninaogopa kitu kingine zaidi: gari kukanyaga watu. Haibridi iliyosimama inaweza kuwa iko tayari kuondoka na injini yake imenyamaza. Majeruhi akizimia, mguu wake ukateleza juu ya pedali, gari linaruka mbele bila kutoa onyo. Kwa hiyo usisimame mbele yake wala nyuma yake. Ingia kwa ubavu. Weka jiwe, tofali au kipande cha mti chini ya gurudumu, mbele na nyuma, kabla ya kufungua mlango. Kisha funga breki ya kuegesha, bonyeza kitufe cha P, angalia dashibodi. Kuna taa ndogo ya kijani imeandikwa READY. Ikiwaka, bonyeza kitufe cha POWER mpaka izimike.

Halafu tafuta ufunguo. Sehemu hii watu wanaipuuza. Katika mazoezi tuliyofanya Kampemba, kwa Prius nzima ya mwanachama mmoja wa Msalaba Mwekundu, kijana alifanya yote vizuri: akaweka vipande vya mti, akabonyeza P, akazima, akanigeukia akitabasamu. Nikaketi kwenye kiti cha shofa, nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe tena. READY ikawaka. Hakuna sauti, hakuna mtetemo, ila ile taa ya kijani tu. Ufunguo ulikuwa ndani ya koti la “majeruhi” wetu, kwenye kiti cha nyuma. Kijana aliacha kutabasamu. Ufunguo wa aina hiyo hauingizwi popote, gari linausikia ukiwa karibu, na Toyota wenyewe wanaandika upelekwe umbali wa mita 5. Kwa hiyo chunguza mifuko, pochi, kikapu cha soko. Mpe mtu mmoja ausogeze mbali, na mtu huyo asirudi nao kuja kutazama.

Mwisho kabisa ni kukata batri ndogo ya volti 12. Kwenye Prius nyingi haiko mbele, iko nyuma ndani ya buti, upande wa kulia. Hapa akili itangulie mikono: kabla ya kuikata, shusha vioo, fungua buti, rudisha kiti nyuma kama kinaendeshwa kwa umeme. Ukishakata, hivyo vyote vinakufa na utabaki unavunja vioo juu ya uso wa mgonjwa. Baada ya kukata hesabu sekunde 90 kwa ajili ya mifuko ya hewa ambayo haijafyatuka, na dakika 10 kwa ajili ya umeme uliobaki kwenye vifaa vya volti kubwa. Usingoje dakika hizo 10 ndipo umguse mgonjwa. Zinamhusu anayetaka kukata bati karibu na kable. Anayemshika majeruhi shingo na kuzuia damu aanze mara magurudumu yakishazuiwa na taa ya READY ikishazimika.

Kuhusu vijana wa kuvuta kwa mabega: shingo, ndugu zangu, shingo! Kama hakuna moto wala moshi, acheni kuvuta.

Kapita, salamu kutoka Likasi. Ninaongoza timu ya zimamoto ya kampuni moja. Mkubwa wetu amenunua gari mbili za umeme tupu kwa ajili ya wageni, na ameniambia nifundishe vijana “kwa nusu siku hivi”. Tuna lori moja la maji, lita 4,000, na kizima moto cha poda kwa kila gari. Nianze na nini? Na je, maji hayataturudishia umeme mikononi?

Mdogo wangu, nianze na lori lako, maana ndilo litakalokuamulia mengi. Batri ya lithiamu ikishika moto, chumba kimoja kinapasha joto jirani yake, naye anampasha wa tatu, na moto unajilisha kutoka ndani. Poda haifiki huko. Povu halifiki. Inatakiwa kupoza, na cha kupozea ni maji mengi yanayopigwa chini ya gari, kwenye sanduku lenyewe, kwa muda mrefu. Vitabu ambavyo Tesla imewaandikia waokoaji vinataja, kwa baadhi ya magari yake, kati ya lita 11,000 na 30,000 hivi. Wewe una 4,000. Kwa hiyo somo la kwanza la nusu siku yako lisiwe la mpira wa maji, liwe la kuamua. Kuna mtu ndani? Maji yote ni yake, mpaka atoke. Hakuna mtu, na gari liko peke yake uwanjani? Liache liwake, linda vilivyo jirani, simama upande upepo unakotoka. Liko chini ya paa la ofisi? Basi ujue leo, si siku ya moto, lori la pili la maji litatoka wapi na ni nani mwenye ruhusa ya kulituma. Ukimwambia mkubwa wako jambo moja tu, mwambie hilo. Na wageni waegeshe nje.

Hofu ya maji kurudisha umeme iondoe. Ukipiga maji kutoka umbali wa kawaida wa zimamoto, hayakuletei umeme wa gari mikononi. Hofu yako iweke kwenye moshi. Batri ya lithiamu inayopata moto inatoa gesi zinazowaka, haidrojeni na monoksidi ya kaboni zikiwemo, pamoja na floridi ya haidrojeni inayochoma mapafu. Wingu jeupe linalotoka chini ya gari watu hudhani ni mvuke. Asiingie mtu humo bila mtungi wa hewa mgongoni na barakoa yake usoni. Kitambaa chenye maji puani hakisaidii kitu.

Sasa hiyo nusu siku. Usianze na picha ukutani, nimeona vijana wakisinzia mbele ya picha nzuri sana. Anza uwanjani, na gari lenyewe. Wenzetu wa Marekani, chama chao cha kuzuia moto kiitwacho NFPA, wamefundisha magari haya kwa zaidi ya miaka kumi, na mpangilio wao ni mwepesi kukumbuka: tambua, zuia, zima. Kutambua: maandishi ya HYBRID nyuma, rangi ya buluu kwenye nembo ya Toyota nyingi za haibridi, bomba la moshi lisiloonekana, mdomo wa kuchajia. Kuzuia na kuzima nimevieleza juu kwa yule shofa wa Katuba. Kila kijana afanye kwa mikono yake, kisha afanye tena amefumbwa macho, kwa sababu ajali hazingoji mchana.

Halafu waonyeshe glavu. Glavu za mpira za umeme, daraja 0, zinazofaa hadi volti 1,000, na juu yake glavu za ngozi za kuzilinda zisitobolewe na bati. Kabla ya kuvaa, kunja mdomo wa glavu kama unavyofunga mfuko wa unga, hewa ikae ndani, minya vidole, weka karibu na sikio na shavu. Ukisikia au ukihisi hewa inatoka, hata kidogo, tupa. Usiishone, usiizibe kwa gundi ya baiskeli. Ninasema hivyo kwa sababu nimeona glavu ya namna hiyo imezibwa kwa gundi ya baiskeli, tena imepangwa vizuri kabatini.

Kitu cha tatu ni karatasi ya uokoaji. Kila aina ya gari ina ukurasa wake unaoonyesha batri iko wapi, kable zinapita wapi, mifuko ya hewa iko wapi, wapi usikate. Ichapishe, ifunge kwenye plastiki, iweke kwenye kabini ya lori. Ipo pia programu ya simu ya bure, Euro Rescue, na ukishaipakua inafanya kazi hata bila intaneti. Tatizo letu ni kwamba imetengenezewa magari yanayouzwa Ulaya, na yetu mengi yaliuzwa Japani. Tafuta kwa jina la pacha wake: Honda Fit kule ni Jazz. Aqua utaipata kwenye vitabu vya Toyota vya nchi nyingine kwa jina la Prius C.

Ukibaki na saa moja, usiwape vijana wako. Waite polisi wa barabarani na shofa wa depanezi, gari la kuvuta magari yaliyoharibika, mnayemkodisha. Hao ndio watakaofika kabla yenu.

Papa, niko na garaje hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, ninavuta pia mutuka zilizogonga. Mteja ananiambia gari la umeme linaweza kuzimwa leo na kuwaka tena kesho. Ni kweli au anataka nimpunguzie bei?

Ni kweli, na bei usipunguze.

Mwezi wa Machi 2018, Mountain View huko California, Tesla iligonga ukuta wa barabara kuu ikawaka, pompie wakaizima. Siku 5 baadaye batri yake ikawaka tena ikiwa imehifadhiwa kwenye yadi. Kabla ya hapo, mwaka 2011, kuna Chevrolet Volt iliyogongeshwa makusudi na idara ya serikali ya Marekani kwa ajili ya majaribio. Ilikaa wiki 3 hivi, kisha ikaungua yenyewe pamoja na magari ya jirani. Bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo, NTSB, ilichunguza ajali kadhaa za namna hii, na ripoti yake ya mwaka 2020 ilizungumzia umeme unaobaki umenaswa ndani ya batri iliyoharibika, pasipo njia ya kuutoa. Ilisema pia kwamba vitabu vingi vya watengenezaji havimwambii mwokoaji mambo ya kutosha. Kama huko wanalalamika, sisi tuseme nini?

Basi, kwako wewe: gari la batri lililogonga lisiingie ndani ya garaje, wala chini ya paa la mabati, wala kati ya mengine. Vitabu vinataka mita 15 za wazi kila upande. Ninajua viwanja vya Kenya, mita 15 ukizipima unafika sebuleni kwa jirani. Afadhali ukodishe kona ya kiwanja nje ya mji, hata kwa wiki chache, uandike ubaoni ni gari gani na lililetwa tarehe ngapi. Mlinzi wa usiku umwambie dalili: mlio kama wa mafuta kwenye kikaango, mlipuko mdogo mdogo, harufu kali tamu, moshi mweupe chini. Akiona mojawapo asisogee. Apige simu kwanza, awaamshe majirani.

Usilivute magurudumu yakiwa chini. Magurudumu yakizunguka, mota inatengeneza umeme. Libebe lote juu ya jukwaa. Na kwenye haibridi za zamani zenye batri ya nikeli, kitu kikivuja si asidi kama ile inayobebwa na malori yetu kwenda migodini, ni kinyume chake, ni magadi makali. Inachoma vilevile. Toyota inaandika kwamba unaweza kuipooza kwa siki. Ikiingia machoni, maji safi mengi, na hospitali.

Mimi ni mama muuza chakula, Kasumbalesa, karibu na parkingi ya malori. Gari dogo kutoka Dar lilikuwa na chupa kubwa ndani ya buti na likawa linapiga mluzi, “sssss”. Vijana wakaja kutazama, mmoja na sigara. Ile ni gesi kama ya jikoni?

Mama, aksanti kwa swali, na huyo mwenye sigara mfukuze bila heshima.

Si lazima iwe ileile. Dar es Salaam magari mengi yamefungwa mitungi ya gesi asilia, ambayo inasukumwa kwa mgandamizo wa baa 200 hivi. Ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja nje inapanda na kupotea, lakini ikivuja chini ya paa inajikusanya juu, penye taa na jiko lako. Gesi ya jikoni, ambayo kuna magari yanayoitumia pia, ni nzito. Inashuka, inatambaa mpaka mtaroni, inakaa pale inangoja cheche. Wewe huwezi kujua ni ipi kwa kusikiliza, kwa hiyo fanya kama ni zote mbili: zima mbabula yako, jiko la makaa, kwa mchanga, ondoka kuelekea upande upepo unakotoka, usipitie mtaroni. Shofa azime gari, afunge koki ya mtungi kama anaifikia bila kuinama ndani ya gesi, kisha aondoke.

Likiwa linaungua, kuna kizibo cha usalama kwenye mtungi kinachofunguka kwa joto ili mtungi usipasuke. Kikifunguka, moto unatoka kama mkuki, na sauti yake inaogopesha. Kazi yake ndiyo hiyo. Pompie asiuzime ule mkuki, apoze mtungi kwa maji akiwa mbali na aache gesi iishe. Ukiuzima moto na gesi ikaendelea kutoka, umetengeneza bomu la bure.

Vijana wa kutazama ndio wanaoninyima usingizi. Sange, huko Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, lori la esanse, yaani petroli, lilipinduka, watu wakasogea, wengine wakaja kuchota. Walikufa zaidi ya 230. Ile ilikuwa esanse ya kawaida ambayo kila mtu anaijua kwa harufu. Kama una sauti ya kuita wateja, mama, itumie siku hiyo kuwarudisha watu nyuma.

Kapita, mimi ni mwanafunzi. Nimenunua batri ya Prius iliyogonga, bei nzuri sana. Nyumbani umeme unakatika kila jioni. Nikiifungua nitoe vipande nifunge na sola, kuna shida?

Iko. Ndani mna vipande 28, kila kimoja volti 7.2, ambacho peke yake ni cha kitoto. Lakini vimeunganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo ukifungua kifuniko unakutana na volti 201.6 za umeme usiobadilika, na hakuna swichi ya ukutani ya kuzima batri. Ile plagi ya chungwa ya kuchomoa inagawanya tu mnyororo, kila nusu inabaki na umeme wake. Na ya kwako imetoka kwenye ajali, hujui ndani imepinda nini. Iweke nje, juu ya mbao, mahali pakavu ambapo watoto hawafiki. Usiguse boliti hata moja. Kisha niandikie unakaa komini gani, fundi ninayemjua mwenye glavu nzima atakuja kuipima.